Wivu wa Cheche

Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na kanisani alisifika kuwa mume anayeijua nafasi yake. Katika darasa la wanaume waliooa, shemasi alipouliza ni nani hajawahi kunyimwa unyumba na mkewe, mkono wa Cheche ndio uliotangulia kuinuka.

Jumamosi moja kinyozi wake, mwimba besi wa kwaya, alisimama. "Ndugu zangu, mke wangu akisema hapana, nageuka nalala. Siku akisema ndiyo, hakuna mwanamume mwenye raha kama mimi."

"Basi wewe umekaliwa kichwani!" shemasi akadakia. Wanaume wakaangua kicheko, na Cheche akacheka kuliko wote.

Nyumbani akamsimulia mkewe, mshonaji, aliyekuwa anapiga pasi magauni ya wateja. Mkewe hakucheka.

"Mke wake ana bahati," akasema, akaendelea na kola.

Neno hilo halikumtoka Cheche akilini. Ibadani akawa anafuatilia macho ya mkewe kila besi zilipoingia. Akaacha kunyolewa kwa kinyozi yule, ndevu zikamjaa. Mkewe akijipaka manukato kwenda mazoezi ya kwaya, Cheche alikosa hata hamu ya chakula.

Siku ya tisa uvumilivu ulimwisha. Mchana kweupe akaingia kinyozini na aproni yake ya ngozi.

"Una nini na mke wangu?"

Kinyozi, aliyekuwa peke yake, akaweka chini mashine aliyokuwa anaisafisha. "Sina kitu, kaka. Ila mkeo ndiye aliyemfundisha wangu kusema hapana, siku walipokuwa wanashona sare za kwaya. Akamwambia yeye mwenyewe hajawahi kuthubutu."

"Hajawahi?"

"Miaka kumi na mmoja."

Cheche aliyekuja kupigana akajikuta amekaa kwenye kiti cha wateja. Sasa wivu ulimchoma zaidi: watu wawili walijua ya chumbani kwake, yeye hajui.

Jioni alimkuta mkewe kwenye cherehani.

"Mama watoto, unaniogopa?"

Mguu wa mkewe ukatulia juu ya pedali. "Siku nyingine, ndiyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulishawatangazia wenzako kwamba hunyimwi. Ningeanzia wapi?"

Akaanza kusema, polepole, bila kumtazama. Mara mbili Cheche alifungua mdomo ajitetee, akaufunga. Kila neno lilimuuma, na lililomuuma kuliko yote ni kwamba mke wa kinyozi aliyasikia kwanza. Mkewe aliposita, Cheche alivuta kigoda akakaa karibu naye.

"Endelea," akasema.