Samoni Ndani ya Kikwembe

...na ni mimi niliyekichukua kile kipande, sikatai, hakuna shetani wa kumsingizia, mkono ulikuwa wangu na kisu nilikinoa mwenyewe, nilikata upande wa tumboni penye mafuta, nikakifunga kwa karatasi, nikakificha kiunoni chini ya kikwembe changu, nikatoka jikoni kwa madamu kule Panda kama mtu anayekwenda ibada, miaka kumi na minne sasa, na sikuwa na njaa, nikisema njaa nitakuwa naongeza uongo juu ya wizi, nilitaka kuonja tu, miaka minne nilimpikia madamu na bwana wake injinia samoni ya siki na samoni ya asali, nikionja kwa ncha ya kijiko, halafu narudi nyumbani kula bukari, ule ugali wetu, na dagaa... pole pole, Henriette, makaa bado ni makali, nyunyiza majivu juu yake, asali hii nyeusi ya Kapolowe ukiipaka mapema inaungua, na uchungu wake hautoki tena, kwanza ngozi ya samaki ishike rangi, ndipo asali na ndimu, kwa mgongo wa kijiko, kidogo kidogo... "Mama Henriette! Ile samaki inaiva ao iko nasali kwanza?" ni Deborah huyo, sebuleni, na bamama wa cellule, kikundi chetu cha maombi, wanacheka, nami nimejibu, "Inakuya, inakuya!" kwa sauti ya kawaida kabisa, Mungu wangu, sauti yangu inajua kujificha, maana haijapita hata dakika tano tangu nimsikie nyuma ya pazia akimwambia Papa Mathieu, mgeni wetu, "Papa, ikala muzuri, hii samaki Mama Henriette anaiyua tangu zamani, anaiyua mpaka mu kikwembe."

Mpaka mu kikwembe. Wengine walicheka bila kujua wanacheka nini, walidhani ni utani wake wa kila siku, Papa Mathieu naye akacheka kwa adabu, lakini mimi mkono ulinisimama juu ya chupa ya siki, kwa sababu habari ya kikwembe hakuna aliyeijua, madamu hakuijua, marehemu mume wangu aliingia kaburini bila kuijua, nilimwambia mtu mmoja tu duniani, na nilimwambia mbele ya Mungu... kwetu katika cellule kila mama ana mwenzake wa maombi, mwaka ukianza mnajifungia siku tatu bila chakula wala maji, magoti kwa magoti, mmoja anatoa lililofichika, na akimaliza, mwenzake anamwekea kiganja mdomoni, maana yake limefungwa, halitoki tena katika chumba kile, na kiganja cha Deborah kilinuka kitunguu, nakumbuka, alilia pamoja nami, akasema, "Imeisha, maman, damu ya Yesu imepita," nikalala usiku ule kama mtoto mchanga. Yeye naye alinipa la kwake. Sitalitaja, hata humu kichwani mwangu sitalitaja, ingawa Bwana anaona jinsi lilivyo hapa kwenye ncha ya ulimi, ningeweza kuingia sasa hivi na sahani mkononi na kulimwaga katikati ya meza, mbele ya bamama wote, tuone nani atacheka... geuza samaki, anashika.

Na samaki mwenyewe nani aliyemleta? Yeye! Alhamisi alikuja na sanduku la barafu, ndugu yake anauza vitu vya baridi Lubumbashi, akasema, "Tumupikie mugeni kitu ya muzuri, maman, weye njo unayua, fanya ya siki na ya asali, yote mbili," nami mjinga nikamshukuru Mungu kwa rafiki kama huyu, nikatia chumvi usiku mzima, nikaosha, nikachemsha siki na sukari na kitunguu na jani la laurier la kutia harufu, nikangoja ipoe kabisa, kwa sababu siki ya moto inampika samaki na kumfanya mweupe kama nyama ya maiti, nikaimimina Ijumaa asubuhi, kwa upendo, naapa, kwa upendo, na sikuuliza mgeni ni nani, alisema tu ni ndugu mpya katika kanisa, ametoka Kapolowe. Alijua. Papa Mathieu lazima alikwisha kumpa ushuhuda wake, jinsi alivyofukuzwa kwa mzungu kule Panda kwa ajili ya samaki ambaye hakumla, na Deborah akaweka kipande juu ya kipande, akanyamaza, akaenda kutafuta samoni. Tangu Januari, tangu pastor aliponiweka mimi mbele ya bamama badala yake, ananibusu mara tatu kila Jumapili. Miaka kumi na moja tunaomba pamoja. Kumi na moja, Deborah. Nilikupa mdomo wangu uufunge.

"...mwaka ya kwanza ilikuwa nguvu," ni Papa Mathieu anasema sasa, pole pole, kama zamani, "batoto balitoka ku masomo, bibi yangu alilima shamba ya batu, kisha Mungu akanipa nyuki," na Deborah anauliza, "Na ule mwizi, papa, hamukumuyua hata leo?" eh, sauti tamu hiyo, na yeye, "Niache, mama, Mungu njo anamuyua"... alikuwa sentinelle, mlinzi wa lango kule kwa madamu, na madamu alimwamuru apekue kila mfanyakazi anayetoka, na siku ile alifungua kapu langu, akaona nyanya, akageuza uso kando, akasema, "Pita, mama," kwa sababu mwanaume wa heshima hagusi kikwembe cha mama wa watu, na mimi nilijua kwamba hatagusa, ndiyo maana niliweka pale. Pale hasa. Kesho yake madamu alihesabu vipande, akamwambia ama umekula ama umepitisha, naye akajibu, "Nilipekua bote, madame," na mimi nilikuwa kwenye sinki nikiosha sahani, sahani moja tu, niliiosha mpaka alipotoka langoni na mfuko wake. Leo amevua kofia mlangoni kwa mikono miwili, akanitambua, "Mama Henriette! Ni weye? Mungu ni mukubwa!" akanipa chupa ya asali aliyoivuna mwenyewe, na ndiyo hii, ndiyo hii ninayompakia samaki, inaanza kung'aa, inatoa povu pembeni, harufu yake tamu na moshi... Deborah ataongeza neno la pili, halafu la tatu, na kwenye la tatu Papa Mathieu atafahamu, na atafahamu akiwa na samaki wangu mdomoni. Hilo hapana. Deborah sijamsamehe, Bwana, nasema ukweli wangu, na la kwake bado liko hapa kwenye ulimi linaniwasha, lakini yule mzee asimeze kitu kabla sijasema, asimeze hata tonge moja. Naondoa kijiko. Nafuta mikono. Bado upande mmoja haujapakwa.

"Papa Mathieu... kuya kwanza huku jikoni, mbele ya kula. Weye peke yako."