Pa Kuliweka Sanduku

Siku ile mpumbavu nilikuwa mimi. Nalisema mapema na kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa sababu dada yangu yuko hai, kumbukumbu yake haina kutu, na akianza yeye kuisimulia habari hii sitabaki hata na kifungo kimoja.

Tulishuka basi saa tatu asubuhi, Ijumaa, yeye na mimi na sanduku la bluu lenye magurudumu mawili, moja zima na moja la kusingiziwa. Dada ndiye mkubwa wetu. Amefundisha darasa la kwanza miaka ishirini na minane, na hadi leo akikutazama mikono unajikuta unaficha kucha. Mimi ni wa kati, fundi cherehani, na nyumbani wameshasahau kwamba nilipewa jina. Kwao mimi ni Fundi, basi. Kitindamimba wetu tulimwita Futi, kwa ule urefu wake wa kuinama kila mlangoni. Futi alikuwa mochwari ya hospitali kuu tangu Jumanne. Ndiye tuliyemfuata.

Ndani ya sanduku mlikuwa na suti yake ya kijivu. Kitambaa alikileta mwenyewe miaka mitatu nyuma, nikampima, nikakata, nikaipiga bandi, yaani zile nyuzi nyeupe za kushikiza tu kabla ya kushona moja kwa moja. Alibaki kuja kuijaribu. Kila sikukuu alipiga simu kwamba yuko njiani, na mimi nikamjibu kwamba suti yake imeshaota ndevu, afanye haraka kabla haijaoa. Jumatano asubuhi niliitoa msumarini, nikafumua bandi, nikaishona. Mikono ilijua kazi yake. Mimi nilikaa pembeni kama mteja anayesubiri.

Mama hakutuomba mambo mengi. Alisema aje amevaa; hataki kumpokea mwanawe kwenye shuka ya watu. Gari la kumsafirisha tulikwisha kulikodi, lilikuwa litoke saa tisa unusu, na kaburi lilikuwa la Jumamosi asubuhi. Kazi yetu mjini ilikuwa hiyo moja: kumvisha.

Langoni mwa hospitali mlinzi alilitazama sanduku kabla ya kututazama sisi. Akasema watu waingie, mzigo hauingii, amri ya siku nyingi, kwa sababu mashuka yamekuwa yakitoka na masanduku. Nikamwambia mashuka yao nimeyaona yameanikwa pale juu, pindo limekwenda kombo, mimi fundi siwezi kuiba aibu. Akacheka. Aliendelea kucheka huku fimbo yake imeziba njia. Nikamwomba basi anishikie. Akasema akinishikia mimi leo, kesho atashikishwa mbuzi.

Sasa hapo mtu mwenye akili zake angefanya nini? Msijibu. Mimi nilishika mpini wa sanduku, nikageuka, nikamwambia dada twende tukatafute pa kuliweka. Dada akanifuata. Saa yangu ilisema saa nne kasoro kumi, na nikajiambia muda tunao wa kumwaga.

Tulianza na duka la dawa lililokuwa karibu. Muuzaji akasema hapo zinatunzwa dawa, na zenyewe zimewashinda. Tukavuka barabara hadi nyumba ya wageni yenye mlango wa kioo. Mpokea wageni alitutazama mimi na dada, akatutazama tena, akauliza kama chumba tunataka cha saa au cha kulala. Dada akamjibu, kwa sauti ileile ya kusahihisha madaftari, kwamba huyu nimemfuta kamasi mpaka alipojua kujifuta. Yule bwana akaomba radhi, lakini sanduku akakataa: wanatunza ya wageni wao tu. Tukarudi kituo cha mabasi tulikotoka, mwendo wa nusu saa kwa gurudumu moja. Stoo ya mizigo ya pale ilikuwa imejaa hadi dirishani, shule zimefungwa, matrunki yamepangwa kama matofali. Fundi simu mmoja akaniambia mji huu hauulizwi kwa mdomo, akabonyeza simu yake, ikamwonyesha pa kutunzia mizigo, kona tatu tu kutoka pale. Tukazihesabu kona. Ya tatu ilikuwa na mpaka rangi juu ya ngazi, akipaka ukuta. Akasema hao walihama mwaka jana, na kwamba kila siku anapokea watu wenye masanduku, kiasi kwamba ameanza kufikiria kuacha rangi afungue stoo.

Nilimwambia akifungua nitakuwa mteja wa kwanza. Nilitania kila mlango. Dada hakucheka wala hakuninyamazisha. Jua lilikuwa kali na sikulisikia. Watu walinipita na sikuona nyuso zao, niliona mishono: bega lililovutwa, pindo lililobandikwa kwa gundi, bwana mmoja mzito aliyevaa koti lenye kifungo kimoja cha rangi nyingine. Nilihesabu vifungo. Kama mngeniuliza namlilia nani, ningewauliza nimelia saa ngapi.

Saa sita na nusu tukaona kibao kidogo kilichoandikwa kwa kalamu nene: TUNATOA KOPI, TUNATUNZA MIZIGO. Ndani mlikuwa na mashine mbili za kopi na mwanamke mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba, na nyuma yake rafu zilizojaa mabegi. Alifanya kazi kwa utaratibu ambao niliupenda. Alifunga kamba kwenye mpini wa sanduku, akatundika kibati chenye namba kumi na saba, akanipa na mimi kibati cha namba hiyohiyo. Akatuonya kwamba saa saba anafunga akale, hadi saa nane. Halafu akauliza, kwa desturi ya kazi, kuna nini ndani.

"Suti ya bwana harusi," nikasema.

Sijui kwa nini nilisema vile. Lilitoka lenyewe, kama yalivyokuwa yakitoka mengine yote tangu asubuhi. Yule mama akatabasamu, akatupa hongera, akalipandisha sanduku rafu ya juu kabisa ili lisikandamizwe. Dada alikuwa anatazama barabarani.

Tukatembea wepesi hadi hospitali. Mlinzi akatoa fimbo njiani, akatukaribisha kama wakwe. Mochwari ilikuwa nyuma ya jiko, chini ya ngazi sita, na kwenye meza ya mbele alikaa mhudumu mzee aliyevaa mabuti ya mpira. Alikuwa mtu wa maneno machache na yote ya maana. Alitupa pole, akasoma karatasi zetu, akasema marehemu ameshaoshwa, yuko tayari. Akatukumbusha kwamba Ijumaa yeye anafunga saa tisa kamili, na baada ya hapo ni Jumatatu. Kisha akanyoosha mikono miwili mbele yetu, viganja juu.

Tukaitazama ile mikono.

"Nguo," akasema mzee.

Nawaambia kweli, kwanza nilijitazama shati langu. Nikafikiri anataka nivue. Dada ndiye aliyefumba macho, na hapo ndipo na mimi nikaelewa kwamba tumezunguka mji saa tatu nzima tukitafuta mtu wa kumpa nguo za Futi, na tumempata, na tumempa.

Mzee hakutucheka. Nadhani ameona wengi. Alitazama saa ya ukutani, ilikuwa saa saba na dakika tano, akasema atasubiri mpaka tisa, si zaidi.

Kwenye duka la kopi tulikuta kufuli. Tulijua tutalikuta, tumeambiwa, lakini tulikwenda mbio hata hivyo, mbio za watu wa umri wetu, mkono mmoja kiunoni. Tukakaa kwenye ukingo wa barabara. Nikaliambia kufuli kwamba hata mimi huwa nakula, lakini silagi saa nzima. Dada alivua kiatu kimoja, akakung'uta mchanga, akakivaa. Baadaye akavua kilekile, akakikung'uta tena. Hakukuwa na kitu ndani.

Yule mama alirudi saa nane na robo, akijifuta mdomo kwa leso. Alipotuona akafungua haraka, akaniuliza kwa uchangamfu kama bwana harusi ameghairi.

Na mimi nikacheka. Nilicheka kicheko kizima, chenye tumbo ndani yake, nikashindwa kukizima.

"Bwana harusi yuko mochwari," dada akasema. "Ni mdogo wetu. Anasubiri kuvishwa."

Mama wa kopi hakuuliza kibati. Alipanda kigoda, akashusha sanduku mwenyewe, akafungua fundo la kamba kwa meno. Aliniambia nichukue nguo niache sanduku, nitalifuata baadaye. Nikamwambia suti haibebwi hivyo. Nikamweleza, na dakika zinakwenda, kwamba nimejaza magazeti mabegani, mikono nimeikunjia kifuani, kwamba katika kazi yetu suti iliyokamilika inafunguliwa mbele ya mwenyewe na si kabla, la sivyo inafika kama tambara. Nilisema yote hayo kwa utulivu mkubwa. Yeye akamtazama dada. Nikalikamata sanduku, nikalikokota.

Ndiyo. Nikalikokota hadi langoni kwa yule mlinzi.

Saa nane na dakika thelathini na tano akaweka fimbo yake palepale. Sasa hapo nilifungua kinywa. Nikamwambia ametuzungusha mji mzima kwa ajili ya mashuka yenye pindo kombo, nikamwambia na yeye ana ndugu, nikamwambia nitamwona daktari mkuu, nikamwambia maneno mengine ambayo dada anayakumbuka na mimi nimeamua kuyasahau. Mlinzi alinisikiliza hadi mwisho. Akasema mzigo hauingii, kaka, na pole.

Nyuma yangu nikasikia zipu.

Dada alikuwa amelilaza sanduku chini, vumbini, amepiga magoti. Alitoa magazeti akayaweka kando kwa mpangilio. Akaitoa suti, akaikunjua, akaninyooshea mikononi, suruali juu ya koti, shati na tai juu ya suruali. Nilianza kumwambia itajikunja. Akafunga sanduku lililo tupu, akalisimamisha, akalikalia kama kigoda.

"Nenda," akasema. "Mimi nipo hapa."

Mlinzi akatoa fimbo. Nikapita.

Tulimvisha mimi na mzee wa mabuti, dakika kumi na nane. Mzee alijua kuinua, mimi nilijua kuvuta. Shati lilimkaa. Suruali ilifika ilipotakiwa kufika, kwa sababu urefu haukupungua. Koti ndilo lililokuwa kubwa. Nilimpima akiwa na mwili, na hospitali ilikuwa imeuchukua wote. Mabega yalisimama peke yake kama hanga. Nikatoa pini kwenye ukosi wa shati langu, hazikosekani pale, nikakusanya mgongo wa koti katikati, pini nne, upande ambao hakuna atakayeuona. Nikarudi hatua moja nikamtazama, kama ninavyowatazama wote. Nikajisikia namwambia ageuke.

Mzee akavuta shuka, akasema amependeza. Saa ya ukutani ilikuwa bado dakika nne kufika saa tisa.

Nje, dada alikuwa palepale juu ya sanduku, mikono magotini. Gari lilikuwa limeshaingia kwa lango la nyuma. Aliniuliza kama imemkaa. Nikamwambia imemkaa. Nikamwambia aingie naye akamwone, zimebaki dakika mbili tatu, mimi nitamshikia sanduku. Akatikisa kichwa.

Na pale, nikimtazama alivyolikalia sanduku kwa raha zake, amri ya mlinzi ikiwa haijavunjwa, ndipo hesabu yote ikaniingia. Watu wawili, sanduku moja, lango moja. Mmoja aingie, mmoja akae. Saa nne kasoro kumi asubuhi. Mtoto wa darasa lake angeipata, tena bila kuhesabia vidole.

Damu ikanipanda, na kwa kuwa mlinzi nilikwisha kumtukana, nikamgeukia dada. Nikamwambia wewe ndiye mwalimu. Mimi nilikuwa hamnazo, ninakubali, lakini wewe umenifuata toka duka la dawa hadi kwa mpaka rangi, umekaa kwenye ukingo wa barabara saa nzima, jibu unalo mfukoni, na mama anamngoja mtoto wake, na tumebakiza dakika nne tu tumrudishe kwenye shuka. Nikamuuliza kwa nini hakusema tangu asubuhi.

Dada aliinuka, akafuta vumbi kwenye sanduku kwa kiganja, akanishikisha mpini.

"Kwani wewe ulikuwa na haraka ya kumwona Futi vile?"