Kamera ya Nne ya Afande

Kiti cha Afande kilikuwa cha plastiki, kimepasuka mgongoni na kushonwa kwa waya, na kilikaa kando ya geti tangu wiki aliyohamia kwa mwanawe. Miaka ishirini na sita alilinda ghala la rangi. Jina la Afande alibandikwa huko na wapakia mizigo, likamganda. Hapa kwa mwanawe hakuna aliyemwajiri. Alijiajiri mwenyewe, kwa kuwa chumba chake cha uani kilikuwa na ukuta mwembamba na masikio yake yalikuwa bado mazima. Alimsikia mkwewe akiuliza, "Baba yako anakaa hapa anafanya nini? Si aende kwa mdogo wake?" Na mwanawe akajibu, "Mwache, angalau analinda."

Basi tangu siku hiyo Afande alilinda kwa kufa na kupona. Yeye na huyo mdogo wake hawakuwa wamesemezana kwa miaka tisa. Kuliko kwenda kuomba chakula kwake, heri afe.

Kwa hiyo Jumamosi ile fundi wa kamera alipobisha hodi na maboksi yake, mlinzi mwenye akili timamu angeshtuka. Afande alifurahi. Mwanawe alikuwa amemwambia, "Baba, mtaalamu ni wewe, msimamie fundi," na sifa hiyo ilimvimbisha kichwa mpaka hakuona kilichokuwa mbele ya pua yake.

"Shikamoo, mzee," alisema fundi.

"Marahaba. Umeleta za waya au zisizo na waya?"

Mkwewe, aliyekuwa amesimama mlangoni amekunja mikono, alisema anataka zisizo na waya. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi mwezi uliopita.

"Mama, hizo intaneti ikikatika zinabaki mapambo," alisema Afande. "Chukua za waya. Na ziwe na maiki na spika, mwizi akemewe kabla hajashusha mguu."

Fundi akaafiki, mkwewe akakubali shingo upande. Afande akashika usukani. Fundi alitaka kuiweka ya getini juu kabisa, chini ya paa, yeye akakataa katakata. "Ukiiweka huko utapiga picha za kofia. Shusha, ione uso." Ya pili aliipeleka nyuma ya tangi la maji. "Hapa ndipo mlinzi anapokuja kusinzia," alisema akicheka. "Mimi najua, nimesinzia sana nyuma ya mapipa ya rangi." Fundi alicheka, akatoboa ukuta. Mkwewe hakucheka. Ya tatu ilitazama ukuta wa nyuma, pale matofali yalipopungua. Kila kichochoro alichokijua Afande alikitaja, na kabla ya adhuhuri hapakuwa na mahali katika ua ule ambapo mtu angeweza kujikuna bila kuonekana.

Ilibaki moja. Mkwewe aliitaka sebuleni. Hapo Afande, kwa tamaa ya kuonekana wa maana zaidi, akafanya jambo la ovyo. Alimsogelea, akashusha sauti.

"Iweke jikoni, mama. Sukari ya nyumba hii inaisha haraka mno. Si kila mwizi anaruka ukuta."

Sukari hiyo ilikuwa inaishia tumboni mwake. Daktari alikuwa amemkataza, lakini dada wa kazi, binti mdogo, alimwonea huruma, na kila siku saa nne asubuhi alimletea chai getini, vijiko vitatu, imefunikwa kwa kisahani. Mzee mzima alikuwa anamchongea mtu pekee aliyemjali. Alijipa moyo kwamba ana ujanja: alimwelekeza fundi aifunge juu ya dirisha, ili kabati la sukari libaki nje ya picha. Mkwewe angeridhika, yeye angepata sifa na chai yake, na binti asingeguswa.

"Hata ukiniambia niifunge wapi, mzee, ni sawa tu," alisema fundi akikaza skrubu ya mwisho. "Lenzi yake ni pana. Inaona jiko zima."

Afande akamshikia ngazi ashuke.

Kesho yake binti alileta chai huku ana wasiwasi. "Babu, kile kidude cha jikoni kinaniona?"

Angeweza kumwambia aache. Lakini chai ilikuwa inanukia, na mvuke wake ulikuwa unampiga usoni. "Hakikuoni," alisema. "Kinatazama dirisha." Akaipokea, akanywa, akalamba kijiko.

Jumanne mkwewe alimwita binti uani, akamwonyesha simu. Kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu, safi kabisa, hata vidole vilihesabika.

"Ni vya babu," alisema binti, akamgeukia Afande.

"Baba, ni kweli?" aliuliza mkwewe.

"Mimi? Si daktari alinikataza?" Sauti ya Afande haikutetemeka hata kidogo. "Chai yangu naletewa bila sukari. Hiyo ya sukari anajua mwenyewe anaipeleka wapi."

Mkwewe alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni. Kisha akamwambia binti akafungashe.

Saa moja baadaye binti alifika getini na begi lake, macho mekundu. Hilo pekee lingekuwa aibu tosha. Lakini Afande alijua kamera ipo juu ya kichwa chake, na mwanawe huenda anatazama kutoka kazini. Akasimama, akanyoosha shati.

"Anayetoka na begi, afungue."

Hakuna aliyemwagiza. Ni kawaida ya ghalani tu, ambayo hapa hapakuwa na mtu aliyewahi kuihitaji. Binti alipiga magoti kwenye zege, akainua kimoja kimoja: magauni mawili, viatu vya mpira, kitana, daftari.

"Na mfuko wa pembeni."

Mfukoni mlikuwa na nguo za ndani. Alizitoa, akazishika juu kama alivyoambiwa, uso ameugeuzia ukutani. Spika ikakwaruza, ikatoa sauti ya mkwewe aliyekuwa ndani ya nyumba: "Safi sana, baba. Huo ndio utaratibu."

Afande akavimba kwa furaha. Binti alifunga zipu, akasimama. "Siku nyingine nilikuwa nakuzidishia nusu kijiko," alisema. "Hukuwa unajua." Akaenda zake.

Alhamisi spika ilikwaruza tena. Safari hii alikuwa mwanawe. "Baba, sogeza kiti. Kila ukijitikisa simu yangu inalia kwamba kuna mtu getini. Niko kwenye kikao." Afande akahamia kwenye tangi. "Baba, na hapo pia." Akahamia ukuta wa nyuma, na nusu saa haikupita: "Baba, jamani!" Alitafuta pembe moja tu isiyoonekana, na haikuwapo, maana alizitaja zote. Mwishowe aliingiza kiti chumbani, akakaa akitazama kitanda.

Ijumaa, kupitia ule ukuta mwembamba, alimsikia mkwewe. "Sasa analinda nini?" Afande akasogeza sikio ukutani. Alingoja lile neno *mwache*. Alisikia kijiko kikigonga sahani, kisha maji yakimiminwa. Mwanawe alikuwa anaendelea kula.

Jumamosi asubuhi teksi ya kumpeleka kwa mdogo wake ilisimama nje. Mwanawe alikuwa ameondoka mapema, bila kuaga. Afande alikokota begi lake hadi getini, akashika komeo.

"Baba," ilisema spika. Alikuwa mkwewe. "Fungua begi."

"Mama, ni mimi."

"Nakuona, ni wewe. Anayetoka na begi, afungue."

Alitazama juu. Kamera ilikuwa usawa ule ule alioutaka, uso wake ulionekana wote. "Mwanangu yuko wapi?"

"Yuko kazini. Anakuona."

Dereva alipiga honi. Afande alipiga magoti, polepole, goti moja likalia. Akainua suruali mbili, sweta, redio, cheti cha ghala kilichokunjwa mara nne.

Akaanza kuvuta zipu, alifunge.

"Bado, baba," ilisema spika. "Na mfuko wa pembeni."