Nyumba Iliyozibwa

Tangu baridi ianze, jua la Mabela lilikuwa likiaga mapema kama mgeni aliyechoshwa na wenyeji. Adhana ya magharibi ikiita, giza linaanza kutanda, na mtaa ule wa nyumba mpya, nyingine bado hazina watu, unabaki kimya. Wiki iliyopita wezi walikuwa wameingia nyumba ya kona kwa dirisha la jikoni. Ndiyo maana Yazid, kabla hajaondoka na mkewe na watoto kwenda harusini Nizwa, alimsimamisha Mboni, mtumishi wao, mlangoni.

"Jua likizama, funga kila kitu. Usimfungulie mtu, hata akijitaja. Mama yangu namwacha mikononi mwako."

"Ndiyo, baba," alijibu Mboni, macho yake kwenye vigae.

Msichana huyu wa Korogwe hakuwa mtu wa maneno. Akiagizwa jambo, alilitenda mpaka likapitiliza. Jioni ile alifunga madirisha yote ya alumini, yale yenye mipira pembeni isiyopitisha hewa, akashusha mapazia, akakaza makomeo. Chumba cha Bibi Zuwena, mama yake Yazid, kilikuwa na mlango wa kutokea uani. Mboni alikunja taulo akauziba upenyo wa chini, mwanga usionekane nje.

Bibi alizaliwa Unguja, na mpaka leo, hata huku kwa Waarabu, aligombana kwa Kiswahili. Alikuwa kitandani, amejitanda mablanketi mawili.

"We Mboni, wanizika n'ngali hai?"

"Ni wezi, Bibi."

"Wataniiba mie? Watanirudisha kabla ya alfajiri. Nna maneno mengi!" Akacheka mpaka akakohoa.

Kengele ya geti ikalia. Mboni alichungulia pembeni ya pazia, akamwona Ghadeer, jirani wa ng'ambo ya barabara, ameshika sahani iliyofunikwa. Mkono wa Mboni ulikwenda kwenye komeo, ukarudi. Kengele ikalia tena. Kisha Ghadeer akageuka na sahani yake.

"Nani huyo?" aliuliza Bibi.

"Jirani. Ameleta chakula."

"Na hukumfungulia? Jirani arudi na sahani mkononi? Yarabi, mmenivua nguo leo!"

Bibi akamgeuzia mgongo. Aliponena tena, sauti ilikuwa ya kubembeleza.

"N'letee moto basi. Si chetezo cha udi, kile hakitoshi. Lile jiko la mishkaki. Nna baridi mpaka kwenye mifupa."

Mboni alifurahi kupata kitu cha kumpoza. Aliuwasha mkaa jikoni, ulipoiva akaubeba mpaka chumbani, akadondoshea kipande cha udi. Mlango wa ukumbini akaufunga, joto lisitoroke. Kwao Korogwe mkaa uliwaka ndani masika na kiangazi, na hakuna aliyedhurika. Ila kuta za kwao zilikuwa za udongo, na kati ya ukuta na bati upepo ulijipitia utakavyo. Hilo halikumjia akilini.

Bibi akasahau hasira. Akaanza kusimulia harusi ya dada yake kule Malindi ya Unguja, jinsi bwana harusi alivyokanyaga sinia la biriani. Katikati ya kisa, maneno yakaanza kuburuta. Kisha yakakatika.

Kalala, Mboni alifikiri, akamvutia blanketi. Kichwa chake mwenyewe kilikuwa kikigonga, akalaumu udi. Kichefuchefu kikampanda, akatoka kwenda kutapika. Huko msalani, hewa ya tundu la ukutani ilipompiga usoni, akili ikamrudia kidogo. Harusi ile ya Malindi aliisikia mara nyingi. Bibi hakuwahi kulala kabla ya kufika pale bwana harusi anapokanyaga sinia la pili.

Akarudi mbio.

"Bibi!" Alimtikisa. Kichwa kikaanguka upande. "Bibi Zuwena!"

Aliling'oa taulo, akaufungua mlango wa uani, akamshika Bibi kwapani na kumburuta hadi kwenye saruji. Halafu akakimbilia getini, akalifungua kwa pande zote mbili, na yeye ambaye watu humwambia "sema kwa sauti" akapiga ukelele uliowasha taa za mtaa mzima.

Ghadeer alitoka peku, na mumewe Jaifar nyuma yake. Jaifar aliingia chumbani, akatoka anakohoa.

"Mkaa! Na kote kumezibwa! Mlitaka kufa?"

Hakungoja jibu. Alimbeba Bibi mpaka garini, Ghadeer akimpiga Bibi vikofi vya mashavu: "Fungua macho, mama. Niangalie." Bibi akaguna. Mboni akaingia nyuma, akakilaza kile kichwa mapajani. Jaifar aliteremsha vioo vyote, akaondoka kwa kasi, Ghadeer kando yake akimpigia Yazid simu.

Simu ya Mboni ikaita. Nyuma ya sauti ya Yazid ngoma za harusi zilikuwa zikirindima.

"Jirani kanipigia simu, simwelewi. Mama kapatwa na nini?"

"Nilimwekea mkaa chumbani, baba. Na nilikuwa nimeziba. Tunakwenda hospitali."

Ngoma zikafifia, kama Yazid anatoka nje.

"Anapumua?"

"Anapumua."

"Na nyumba? Umemwachia nani?"

"Sijamwachia mtu. Iko wazi."

Yazid alianza kusema kitu, Mboni hakukisikia. Vidole vya Bibi vilikuwa vinapapasa gauni lake.

"Nani wewe?" Bibi aliuliza, macho hayajui pa kutua.

"Mboni, Bibi."

"Mboni wa nani?"

Mboni aliibana simu begani, akakishika kile kiganja baridi kwa mikono miwili.

"Wako," akasema. "Pumua, Bibi. Pumua tena."