Injini Iliyoshonwa

Fransiska alikuwa Katesh siku hiyo kununua kitambaa cha kuzikia shati. Ndiyo, shati. Mwanawe Gidion alikuwa fundi wa boti ya mizigo iitwayo Mwangaza, ikazama karibu na Musoma miaka mitatu iliyopita, na mwili wake haukuonekana. Margwe, baba wa Gidion, alichoka kungoja. Jumamosi padri angefika Nangwa, kijijini kwao, shati la Gidion liwekwe kaburini, mambo yaishe. Fransiska hakukubali wala hakukataa. Moyo wake ulikuwa unakataa wenyewe, na hakujua auambie nini.

Alikuwa bado anapapasa vitambaa dukani aliposikia akiitwa kutoka ng'ambo ya barabara. Alikuwa Modest, fundi wa mashine, mikono imejaa grisi hadi kwenye viwiko.

"Shikamoo mama! Njoo uone maajabu. Umepata mshindani!"

"Marahaba. Mshindani wa nini tena?"

Modest alijua anamwita nani. Mnadani Katesh, kibuyu cha maziwa kikipata ufa, kinapelekwa kwa Fransiska akishone. Kwenye gereji ilikuwepo injini kubwa, imepakwa rangi mbichi ya kijani. Tawakali, mfanyabiashara wa pale mjini, aliinunua mtumba kwa ajili ya mashine yake ya kusaga kule Endasak. Sasa alikuwa amekaa juu ya tairi, amenuna.

"Namwambia hii ni ya boti, anabisha," Modest alisema. "Mama, inapoozwa kwa maji ya ziwa. Nimekuta konokono kwenye bomba! Lakini tazama hapa."

Pampu ya maji, ya shaba tupu, ilikuwa na ufa mrefu kama kiganja. Mtu alikuwa ametoboa matundu madogo pande zote mbili za ufa, akaushona kwa waya, tundu kwa tundu, kisha akaziba kwa gundi. Modest alicheka kwa furaha. Tangu aanze ufundi hakuwahi kuona shaba ikishonwa.

Fransiska hakucheka. Aliinama, akapitisha kidole juu ya waya ule hadi mwisho wa ufa. Hapakuwa na fundo. Mshono ulirudi nyuma matundu mawili, ukajificha chini ya wenzake.

Alirudisha kidole mwanzo wa ufa, akaupapasa tena. Wanawake wote wa Hanang hufunga fundo. Kurudi matundu mawili ilikuwa mbinu ya mama yake, kisha yake, na yeye hakujaliwa binti. Alimfundisha Gidion, wavulana wenzake wakamcheka mpaka akawa anashona kibuyu amejificha zizini.

"Injini hii imetoka boti gani?" aliuliza.

Tawakali alitazama pembeni. Modest hakungoja. Alichukua msasa akakwangua rangi ubavuni, mahali ambapo wenye boti huchonga jina kuogopa wezi. Herufi zilitoka moja moja. MWANGAZA.

"Basi," Tawakali alisema taratibu. "Waliiopoa ziwani. Nilificha kwa sababu nani atakula unga wa injini iliyozama na watu? Nisamehe, mama Gidion. Sikujua kama ndiyo ile."

Fransiska aliketi chini, palepale kwenye vumbi la gereji. Kumbe ni kazi ya mwanawe, ya kabla hajafa. Alishukuru hata kwa hilo. Alitaka kuomba auziwe ile pampu, aizike badala ya shati.

Lakini Modest alikuwa ameinamia ufa, tochi ya simu mkononi.

"Mama, hebu ona. Hili kovu ni la mnyororo waliovutia kuitoa majini. Ndio uliopasua pampu." Alisogeza tochi. "Na haya matundu yametobolewa juu ya kovu."

"Sema nielewe."

"Ilizama kwanza. Ikavutwa. Ikapasuka. Ndipo ikashonwa."

Tawakali akatoa simu, akampigia aliyemuuzia, akaweka sauti kubwa.

"Pampu ile alishona nani?"

"Nani mwingine? Si yule Mmbulu wetu, mtu wa huko kwenu," sauti ilijibu kutoka Musoma. "Yuko hapa, kalala chini ya injini. Wewe! Unatafutwa!"

Ikasikika spana ikianguka.

"Haloo?"

Fransiska aliishika simu kwa mikono miwili. "Gidion."

Modest alizima tochi, akasogea karibu na simu.

"Shikamoo mama," Gidion alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia nahodha injini ni nzima. Watu wanne wamekufa, mama. Ningerudi na uso gani?"

"Marahaba, mwanangu. Marahaba." Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Baba yako yuko makaburini, anachimba. Usikate simu. Umesikia? Hao wanne utaniambia wote, mmoja mmoja, lakini sasa usikate."

Akainuka, akavuka barabara kuelekea kwa bodaboda wa Nangwa, simu ya Tawakali sikioni, na Tawakali hakumwita.