Kilio cha Febby Ndani ya Chupa

Febby alikuwa akigeuza samaki juu ya moshi, sokoni Kashikishi, watu wa msiba walipokuja kumwita. Alinawa mikono, akaenda. Nchelenge nzima ilijua kazi yake. Maiti asiyeliliwa vizuri hakubali kuondoka, atakaa tu mkekani akiwatazama watu. Lakini Febby akipaza kilio, marehemu huinuka, huaga jamaa na kwenda zake makaburini, na wanaume humfuata nyuma na majembe. Hakudai malipo. Walimpa kuku, basi.

Mwaka 1974 Valère, mchuuzi wa samaki kutoka Zaire (kwao majina ya Kizungu kama lake yalikuwa yamekatazwa, huku Zambia alilitumia bila wasiwasi), alisikia kilio hicho, macho yakamtoka kwa tamaa. Kesho yake alileta kreti za chupa tupu za bia.

"Mama, hii sauti iko inapotea bure," alisema. "Lia mu hii chupa. Mimi nitauzisha mpaka Lubumbashi."

Febby, mtu wa roho safi mno, alidhani kilio ni kama maji ya Ziwa Mweru, ukichota yanarudi. Akalia chupani msimu mzima, bila maiti. Valère akanunua injini ya boti, kisha lori.

Mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata dhoruba ilimzamisha Goodson, mume wa Febby, karibu na kisiwa cha Chisenga. Wavuvi walimwopoa, wakamlaza mkekani. Febby akafungua kinywa. Ukatoka upepo mtupu. Goodson akaketi, akasubiri. Kisha akaanza kutembea, kitandani hadi mlangoni, mlangoni hadi kitandani, akichuruzika maji. Inauma kumwona mtu wako hivyo.

Febby akamwendea Valère.

"Ba Valère, munipe chupa moja tu. Ile ni sauti yangu."

"Ilikuwa yako, mama. Sasa iko ya biashara. Bei ni moja kwa batu bote."

Aliuza nyavu za marehemu, akanunua. Nyumbani alipozibua, kilio kilitoka chembamba, kwa kuwa Valère alikwisha kujifunza kukichanganya na maji. Goodson alifika kizingitini, akamshika mkewe mkono kumuaga, halafu miguu ikamrudisha ndani.

"Bana Mulenga," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao, "ingine iko?"

Hapakuwa na wavu mwingine wa kuuza. Febby alikwenda kwa Valère kuomba kazi, akapewa ya kuosha chupa. Kila jioni Goodson humuuliza swali lilelile bila kuacha kutembea, naye hufuta maji sakafuni na kumjibu, "Bado."