Utii wa Mara ya Kwanza

Nyumbani kwetu, shambani Nebraska, Marekani, sheria moja ilizishinda zote: ukiitwa, unaitika na kuinuka palepale. Kusubiri kuitwa mara ya pili lilikuwa kosa tayari. Mama alinisomesha mwenyewe kwenye meza ya jikoni kwa miaka saba, na samaki hukunjwa angali mbichi. Mimi nilikunjika vizuri mno.

Kisha baba akaanguka ghalani, mgongo ukaharibika, mama akaenda kufua mashuka hospitalini. Nikiwa na miaka kumi na miwili nikapelekwa shule ya serikali, darasa la saba.

Niliogopa kila kitu. Niliogopa kengele, niliogopa kufuli ya namba iliyogoma kufunguka kabatini mwangu huku watu wakinipita wakicheka. Zaidi ya yote niliogopa bwalo, ambako kila mtu alikuwa na kiti chake bila kuonyeshwa na yeyote. Siku nne mfululizo nilikula mkate wangu chooni. Siku ya tano Delaney, niliyekaa naye darasa la sayansi, akanigusa kiwiko.

"We Kezia, leo unakula na sisi. Chooni kunanuka, bwana."

Nilikitaka kiti hicho kuliko kitu chochote duniani.

Kabla ya kengele ya chakula, kipaza sauti kikatangaza zoezi la kujifungia. Mwalimu Hruska akafunga mlango kwa komeo, akazima taa, akashusha mapazia. Wenzangu wakajipanga sakafuni chini ya ukuta bila kuambiwa. Walikuwa wakijificha hivyo tangu chekechea. Delaney alikuwa akibandua rangi ya kucha.

"Tunamficha nani?" nilinong'ona.

"Mtu mwenye bunduki. Hayupo lakini. Nyamaza."

Nyayo zikaja koridoni, zikasimama kwetu. Kitasa kikatikiswa. Kisha sauti ya upole, ya mtu mzima: "Ni mimi, mwalimu mkuu. Nifungulieni mlango, tafadhali."

Naapa sikuamua. Mazoea yana taabu. Nilisikia tu, "Abee!" ikitoka kinywani mwangu, na nilipojitambua nilikuwa nimeshafungua.

Mwalimu mkuu, Bwana Ostrander, alinitazama kwa huzuni. Akaandika kitu kwenye karatasi yake. "Chumba hiki chote kimekwisha," alisema. "Kezia, ukishajifungia humfungulii mtu. Hata mimi. Umdhaniaye ndiye, kumbe siye. Ijumaa mtarudia."

Mlango ulipofungwa, Trent aliyekaa nyuma akapiga makofi. "Hongera, mtoto wa jikoni! Ungemkaribisha na chai kabisa!"

"Na biskuti," mwingine akadakia.

Delaney hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. "Mdogo wangu yuko darasa la sita, chumba cha pili tu hapo," alisema. "Ukifungua tena Ijumaa, usikae na mimi. Sikutanii."

Siku hiyo nilirudi chooni na mkate wangu.

Siku zilizofuata nilijifunza peke yangu. Baba akiniita kutoka kitandani kwake, nilihesabu hadi tano ndipo niitike, na kila hesabu niliiona ni dhambi. Kesho yake nikahesabu hadi kumi. Baba alidhani masikio yangu yameanza kuziba.

Ijumaa kitasa kikatikiswa tena. "Kezia? Ni Bwana Ostrander. Njoo unifungulie, mwanangu." Aliniita kwa jina, mtu mbaya yule! Nilijikumbatia magoti, nikauma mkono wangu hadi zikabaki alama za meno. Delaney akanishika kifundo cha mguu, akakibana. Nyayo zikaondoka.

"Mtoto wa jikoni kakomaa," Trent akanong'ona.

Mchana ule nilikula bwaloni. Nilipewa hata viazi vya kukaanga vya Delaney. Ningepaswa kufurahi, na nilifurahi, lakini macho yangu hayakubanduka mlangoni.

Jioni nilikuwa chumbani kwangu, mlango nimeufunga. Nyayo zikapanda ngazi, kitasa kikatikiswa.

"Kezia, nifungulie."

Ilikuwa sauti ya mama. Niliijua kama ninavyoujua mkono wangu. Lakini nilijikuta sakafuni chini ya ukuta, mbali na dirisha, nikiuma palepale nilipouma asubuhi.

"Kezia?"

Hiyo ilikuwa mara ya pili. Maishani mwangu mama hakuwahi kufika mara ya pili. Nilitaka kusema abee. Kinywa kilikataa.

"Mwanangu," alisema, sauti imebadilika kabisa. "Ni mimi. Ni mama."

Nilisubiri nyayo ziondoke. Hazikuondoka. Nilimsikia akiketi taratibu upande wa pili wa mlango, na sare yake ya kazi ikikwaruza mbao, na hakuita tena.